Chokaa katika Jino la Papa Célestin

Juzi mmoja wenu alikuja kwangu hapa Katuba, Lubumbashi, akanionyesha, kwenye simu yake, picha ya jino alilolijaza mwenyewe. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kuezeka nyumba. Mzizi ulikuwa umejaa vizuri, mstari mweupe usiokatika, na kwenye ncha kabisa palikuwa na tone dogo lililoponyoka likaingia mfupani. Nikamuuliza, "Na hii?" Akacheka. "Ah, Mama Georgette, ile iko kadogo tu. Hakuna shida."

Niliudhika hata nikasahau kumkaribisha chai. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wengine mnaosomea meno mkidhani kazi inaishia kwenye picha. Najua mnasema nyuma yangu kwamba bibi huyu ana maneno mengi. Ninayo, na sikuyaokota njiani. Nilikuwa msaidizi kando ya kiti cha meno tangu nilipokuwa msichana wa shule ya masista hadi miguu ilipokataa, basi nivumilieni.

Vitabu vyenu vinasema jino likifa ndani tunatoa nerf, ule mshipa wa ndani, tunasafisha mfereji wa mzizi, tunaujaza. Sawa. Lakini mzizi si chupa. Kwenye ncha yake kuna tundu, na nje ya tundu lile kuna mtu aliye hai: damu yake, mfupa wake, na kinga ya mwili wake ambayo hailali wala haijali diploma yako. Kila unachokiweka ndani, kinga ile itakuja kukikagua. Ikikiona hakina ubaya itakizungushia utando mwembamba na kukiacha. Ikikiona ni kikali itapigana nacho, na kwa kuwa kitu chenyewe si kiumbe, hakifi, vita haviishi. Chembe nyeupe za damu zinakuja, zinashindwa, zinakufa, zinaita nyingine, na mfupa wa pembeni unayeyuka katika ugomvi usiouhusu. Asubuhi mgonjwa anaamka amevimba, nanyi mnasema, "Ni vijidudu hivyo."

Haya sikuyasoma. Nilifundishwa na Docteur Stavros, Mgiriki aliyezaliwa hapa hapa mjini, enzi Lubumbashi yetu ikiitwa Elisabethville. Kabine yake ya meno ilikuwa ukingoni mwa mji wa wazungu, ukivuka barabara tu umeshaingia Kamalondo, mtaa wetu watu weusi. Alisema Kiswahili chetu vizuri kuliko mapadri, na aligombana na kila kitu: taa, mvua, mimi. Wiki yangu ya kwanza nilikoroga saruji ya karafuu ikawa nyepesi kama uji wa mtoto, ikamwagika kwenye mkono wa koti lake. Alinuka karafuu siku nyingi, hata mke wake akamuuliza kama ameacha meno ameanza kupika. Tangu siku hiyo alinisimamisha mbele ya kipande cha kioo nikoroge hadi saruji ivutike uzi bila kukatika. Ikikatika, bado. Ikivutika, acha mara moja, maana ukiendelea inageuka jiwe mikononi mwako.

Alinifundisha pia kuvalisha sindano ya kusafishia mzizi kipande kidogo cha mpira, ili mpira uguse jino pale urefu unapotosha na mkono usipite ncha. Na kila pamba iliyotoka ndani ya mzizi, kabla hajaitupa, alininyoshea. "Nusa, Georgette. Pua njo radio ya kwanza," akimaanisha pua ndiyo picha ya kwanza ya jino. Mwanzoni nilidhani ananitesa. Baadaye nikajua kutofautisha jino lililooza, jino linalopona, na jino ambalo mwenyewe amekuwa akilitia tumbaku ya unga kwa siri.

Sasa nije kwenye kosa letu, nami nasema letu kwa sababu tulikuwa nalo wote, wagonjwa na waganga. Watu wa Kamalondo waliamini kwamba dawa isiyounguza si dawa. Dawa ya macho isiyochoma ilikuwa maji. Kidonda kilichopakwa kitu cha upole kilikuwa kimepakwa bure. Mtu akitoka kwa daktari bila machozi, majirani walimwambia amechezewa. Nasi tulikuwa na dawa ya kuwafurahisha: ute mzito wa rangi ya waridi katika kopo la bati, wenye formalini ndani yake, harufu ile ile ya chumba cha maiti. Ukiusokota mzizini ulikausha kila kilichokuwa hai. Wagonjwa waliuita ile ya kuunguza, wakaja kuuomba kwa jina. Hata madaktari waliupenda, maana jino lilimalizwa upesi na shule nyingi za ng'ambo ziliusifu. Docteur Stavros alikuwa akiutumia kama wenzake wote.

Kisha ikaja sécession, mkoa wetu ulipojitenga na nchi. Sitawafundisha siasa, wako wanaoijua kuliko mimi, na wasioijua ndio wanaipigia kelele zaidi. Nitasema yaliyoingia kwenye kabine yetu. Treni ya kusini iliyopitia mpaka wa Sakania ilikuja ikipenda, na vijiti vyetu vya gutta, vile vya mpira wa mti tulivyojazia mizizi, vikaisha. Kopo la ile ya kuunguza ndilo lililobaki. Na watu wakaanza kuulizana asili. Majirani waliokuwa wamebatiziana watoto wakaanza kutazamana majina. Watu wa mkoa wa Kasai, makarani, walimu, wafanyabiashara, wengi wao wamezaliwa papa hapa, wakaambiwa ni wageni na warudi kwao. Mimi baba yangu alikuwa fundi wa reli kutoka Kongolo, kaskazini ya mkoa huu huu, basi nilihesabiwa wa hapa, ingawa wako walionitazama mara mbili kabla ya kukubali.

Katika siku hizo alikuja Papa Célestin. Alikuwa mtu wa Kasai, mpiga tarumbeta. Alipiga kwenye misa ya Jumapili, kwenye arusi na matanga, na kwenye baa za Kamalondo, jambo ambalo mkewe, Mama Ngalula, alijifanya halijui. Vijana walikuwa wamerusha mawe nyumbani kwao, na jiwe moja lilimpata mdomoni. Jino la mbele juu halikung'oka, lakini lilikufa ndani, likageuka rangi, likaanza kumkosesha usingizi. Wengine wangesema ling'olewe, meno mengine yapo. Lakini ninyi ambao hamjashika tarumbeta hamjui: chombo kinakandamiza mdomo, na mdomo unaegemea meno ya mbele. Bila meno yale hakuna sauti.

Alikaa kitini akasema, "Docteur, hii meno njo kazi yangu. Ukiing'oa, utakuwa umeniua, hata miguu ikitembea."

"Sitaing'oa," alisema Docteur.

Alisafisha mzizi, akaujaza ile ya kuunguza kwa waya uliosokotwa. Papa Célestin alitokwa machozi hadi kidevuni, akapiga paja kwa furaha. "Sasa hii njo dawa!" Akatoka akiimba.

Alirudi mdomo umevimba kufika puani. Docteur akafungua jino, akaosha, na kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, akatia ile ile tena, nyingi zaidi. Ukali ukishindwa, ongeza ukali. Aliporudi mara ya tatu jicho moja lilikuwa karibu kufunga. Hakuweza hata kunywa kwa kikombe, sembuse kupuliza. Mama Ngalula alikuwa naye, amekaa wima.

Docteur alipiga picha ya radio, nami nikaisafisha kwenye dawa zake, ikatoka ingali mbichi. Aliinua kwenye mwanga wa dirisha. Uzi mweupe wa dawa ulikuwa umepita ncha ya mzizi ukaingia mfupani, na kuuzunguka palikuwa na kivuli cheusi, kikubwa kuliko cha picha tuliyopiga siku ya kwanza. Akafungua jino, akavuta pamba, akaninyoshea. "Nusa."

Nilinusa. Formalini tupu. Hakuna uozo, hata kidogo.

Docteur Stavros alikaa kwenye kigoda changu, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Hapa hakuna uchafu tena, Georgette," alisema polepole. "Mwili yake haina kosa. Iko inapigana na miye." Nami nilipomtazama bila kuelewa, akasema mwiba ukikuingia kidoleni, kidole kinavimba ili kiutoe. Sasa fikiri mtu anakuja kila mara kuusukuma mwiba ndani zaidi, halafu anashangaa kidole hakiponi. Nimesikia mihadhara mingi tangu siku ile, na sijasikia iliyonifaa zaidi.

Alitoa dawa yote aliyoweza kuifikia. Aliosha mzizi kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akaosha tena. Halafu akaleta chupa kutoka kabati la nyuma, yenye unga mweupe safi wa duka la dawa. Tuliutumia kwa watoto, pale nerf ilipoguswa kidogo tu ikiwa bado hai, lakini kwenye mzizi wa mtu mzima sikuwahi kumwona akiuweka. Akaukoroga na maji. Haukuwa na harufu yoyote, na hilo ndilo lililoharibu mambo.

"Hii ni nini?" aliuliza Papa Célestin.

"Chaux. Chokaa."

"Chokaa ya kupaka ku nyumba?"

"Ile ile, lakini safi."

"Inaunguza?"

"Hapana."

Papa Célestin alivua kitambaa kifuani, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani. Sauti yake haikupanda. "Nimesikia. Ile dawa ya kweli munaibekea bantu ba hapa. Siye ba Kasai, munatupa chokaa."

Nawaambieni ukweli, sikumlaumu. Siku zile unga, kazi, hata nafasi ya kuteka maji bombani vilianza kugawanywa kwa kuuliza wewe ni wa wapi. Kwa nini asidhani hata dawa ya meno? Kwa mtu aliyezoea kwamba dawa nzuri inaunguza, dawa ya upole aliyoletewa baada ya ile kali kuondolewa ilikuwa na maana moja tu. Docteur angeweza kumweleza habari ya mwiba kama alivyonieleza mimi. Badala yake alikasirika. Alisema hakuna mtu anayemfundisha kazi katika kabine yake. Papa Célestin akasimama, jino likiwa wazi na pamba tu ndani, akamshika mkewe mkono, wakatoka.

Haikupita muda, mambo yakachafuka kabisa. Nyumba za watu wa Kasai zilivamiwa, familia zikakimbilia kambi iliyokuwa pembeni ya mji, chini ya ulinzi wa askari wa kimataifa wa kofia za buluu. Watu walikaa kule chini ya maturubai na vipande vya mabati, wengi mno. Nilijua Papa Célestin yuko humo. Kila nilipopanga sindano nilifikiri jino lile la wazi, kwamba uchafu utaingia, litaoza, na safari hii uvimbe hautakuwa wa dawa. Halafu mama mmoja wa parokia yetu, aliyekuwa akipeleka chakula kambini, akaniletea maneno ya Mama Ngalula. Kulikuwa na mtu kule mwenye koleo aliyekuwa anang'oa meno, na Papa Célestin alikuwa amesema, afadhali.

Nilimwambia Docteur. Alinung'unika kwa Kigiriki, akanung'unika kwa Kifaransa, kisha akaanza kupanga sanduku.

Kwenye barrière, kizuizi cha njia ya kambini, gendarme, yaani askari wa serikali ya mkoa, alitufungulisha kila kitu. Alifungua chupa ya unga mweupe akauliza ni nini. Nikasema chokaa. Akaitazama, akamtazama Docteur, kisha akashusha bunduki begani na kupanua mdomo. "Docteur, na miye iko moja inaniluma huku nyuma. Uko na ile ya kuunguza?" Hapo hapo barabarani Docteur akaweka kioo mdomoni mwake akachungulia. "Kuja kesho ku kabine," alimwambia. "Nitakupa ile napelekea bantu ba kambi." Gendarme alionekana hana uhakika kama ametukanwa. Alitupisha.

Papa Célestin tulimkuta ameketi juu ya sanduku la sabuni lililogeuzwa, tarumbeta imefungwa kitambaa pembeni yake. Uso wake ulikuwa wa kawaida. Mdomo ulikuwa umerudi mahali pake. Hakumsalimu Docteur wala mimi. Alisema tu, "Mama Georgette, miye sielewi. Toka siku naacha dawa yenu, uvimbe iko inashuka. Sina dawa, niko nasukutua na maji ya chumvi tu. Ile ya kuunguza ilikuwa inanifanya nini?"

Docteur Stavros akachuchumaa mbele yake. Sikuwahi kumwona mzungu akichuchumaa mbele ya mtu wa Kamalondo mbele ya watu. Alieleza habari ya mwiba, yote, polepole. Akasema, "Nilikutilia kintu chenye mwili yako ilikataa. Ilikataa mara ya kwanza, nikairudilia. Njo kosa yangu. Hii chokaa mwili itaikubali. Inaikubali mpaka inajenga mufupa pembeni yake." Papa Célestin aligeuza macho kwenye chupa ya unga. Aliyesema ni Mama Ngalula, ambaye sikuwahi kumsikia akisema sentensi nzima: "Fungua kinywa, Célestin. Dawa ya dharau hakuna mutu anaivukisha barrière na mikono yake."

Akafungua. Jua ndilo lililokuwa taa yetu. Mimi nilishika kioo kuelekeza mwanga, na watoto wa kambi walisimama kutuzunguka hadi Mama Ngalula alipowafukuza kwa kanga. Docteur alisafisha kwa sindano za mkono, akakausha kwa vijiti vya karatasi, akaweka chokaa kidogo kidogo, na nilimwona akishika pumzi kila alipokaribia ncha. Juu akafunga kwa saruji ya karafuu niliyoikoroga gotini kwangu. Msidanganyike, chokaa nayo ni kali ukiishika ovyo, lakini ukali wake unaishia pale inapogusa, halafu inanyamaza na mwili unaendelea na kazi yake. Akamkataza tarumbeta hadi atakapomruhusu.

Tulirudi kadiri njia zilivyoruhusu, kubadilisha chokaa na kugonga jino kwa mpini wa kioo tuone kama bado linauma. Siku moja Docteur aligonga, Papa Célestin hakukunja uso. Vijiti vya gutta havikuwa vimefika bado, na watu wa kambi walikuwa wanaanza kusafirishwa kwenda Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Aliondoka hivyo hivyo na chokaa ndani, na Docteur akamwagiza atafute daktari wa kulimalizia. Kando ya lori Papa Célestin alimwuliza, "Sasa?" Docteur akatikisa kichwa kukubali. Papa Célestin akafungua kitambaa, akapuliza sauti moja, ndogo, ya kujaribu, kisha nyingine ndefu. Nililia waziwazi, na Mama Ngalula alinicheka huku naye analia.

Kopo la ile ya kuunguza Docteur alikuwa amelitupa siku ile ya kwanza tuliporudi kutoka kambini. Wagonjwa walilalamika sana. Gendarme yule alikuja kweli kesho yake, tukamjaza chokaa na saruji ya karafuu juu, akaondoka akisema kabine yetu imeharibika.

Leo mnazo saruji mpya ambazo mfupa unakuja kuegemea kama ukutani kwake. Mna vifaa vya kupima urefu wa mzizi vinavyolia vyenyewe. Nafurahi, wala siwaonei wivu, vidole vyangu vilikuwa vimechoka. Lakini kausheni mzizi kabla ya kuujaza. Msisukume. Tone likipita ncha mwambieni mwenye jino, na mwiteni arudi mtazame kivuli, maana kuna mwili unaosamehe tone na kuna usiosamehe, na picha ya siku ya kwanza haitakwambieni ni upi. Na mkibadilisha dawa, elezeni kabla ya kufungua chupa. Elezeni hata mkiwa na haraka, na hasa nyakati ambazo watu wana sababu ya kuwaogopa.

Miaka mingi baadaye, Docteur Stavros alikwisha kufa na kabine ina daktari mwingine, mwanamke mmoja alikaa kitini kwetu. Alikuwa amerudi Lubumbashi na biashara zake kutoka Mbuji-Mayi. Aliponisikia nikiitwa Mama Georgette alishika mkono wangu, akaniambia yeye ni binti wa Papa Célestin. Baba yake alikuwa amefariki. Alipiga tarumbeta hadi mapafu yalipochoka. Jino halikuwahi kumrudia tena, wakazika mtu na jino lake.

"Alikuwa anatuambia kila mara," alisema. "Ule wakati bantu balikuwa banatufukuza, lakini ku kabine ya meno balinipa dawa sawasawa na bantu bote. Njo vile, mama?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno zuri la kumrudisha nalo nyumbani, na daktari wangu mpya alikuwa amesimama pale anasikiliza.

"Hapana, mwanangu," nilimwambia. "Bale bengine bote tulibapa dawa mubaya. Baba yako njo mutu wa kwanza tulimupa muzuri."